Ukurasa wa Arobaini na Moja

Tulishuka Katumba saa moja asubuhi, watatu,
kamera ya kuazima tumeifunga mfuko wa nailoni,
maana Rungwe haikuulizi kama umejiandaa:
mvua ya huku haianzi, huendelea.

Lusekelo alishika kitabu. Mimi nilishika maikrofoni
niliyoivika soksi ya mtoto, kukinga upepo.
Gwamaka alikuwa mwongozaji, mpiga picha, na mweka hazina;
hazina yenyewe elfu ishirini na mbili
na mahindi mawili ya kuchoma.

Nia yetu ilikuwa kuutembea ukurasa wa arobaini na moja,
hatua kwa sentensi,
kutoka mlangoni kwa marehemu hadi darajani,
njia aliyoiandika, mto ukimfuata mkono wa kushoto,
mto ambao, kwa maneno yake,
hujisafisha koo kabla ya kusema.

Mikaratusi saba, kinasema kitabu.
Tulihesabu visiki vinne na mnara wa simu.
Kahawa ya kanisa, kinasema.
Tulikuta miche ya parachichi,
kila mmoja na kibao chake cha namba, kama wafungwa.
Na mto ulikuwa kulia.

Gwamaka alikigeuza kitabu juu chini kama ramani.
"Mtu mzima, mwandishi, anapoteza mto?"

Tukarudi tumelowa.
Binti yake, Bibi Subilaga, alikuwa akimenya ndizi
na hakuinua macho.
"Baba? Atembee?
Mguu ulimkataa kabla sijaanza shule.
Alikaa hapo ulipoweka begi lako.
Mtembezi nilikuwa mimi. Ananituma mafuta ya taa ng'ambo ya daraja,
nikirudi ananiuliza: umeona nini?
Nikisema sijaona kitu,
ananirudisha nikaone."

Akaosha utomvu mikononi, taratibu.
"Mto uko kushoto
kwa sababu nilimsimulia safari ya kurudi.
Ya kwenda nilikuwa nakimbia."

Basi tulikwenda hadi darajani kamera imezimwa,
hatukupiga hata picha moja,
tukageuka,
na filamu ikaanza upya kwa mgongo wake.

Alitembea mwendo wa mtoto aliyechelewa.
Miaka sabini na mmoja, kandambili, tope,
na sisi vijana tukihema nyuma.
Ukungu ulikula migomba, ukala barabara,
ukamwachia Gwamaka visigino viwili na pindo la kitenge.
Betri ilibaki mstari mmoja, mwekundu.

"Hapa nilimwaga nusu chupa.
Hapa palikuwa na mbwa wa karani.
Hapa nilidanganya."

Ulidanganya nini, bibi?

"Kwamba mto unajisafisha koo.
Yale mafua yalikuwa yangu.
Alinisikia nakohoa mlangoni, nikasema ni mto, baba,
nao unafanya hivi,
asije akanipeleka kliniki kuchomwa sindano.
Akacheka. Akaomba kalamu."

Hapo betri ikafa.
Maikrofoni haikufa.

Tulionyesha filamu Mbeya mjini, ukumbi wa parokia,
shuka jeupe ukutani, viti vya kukodi.
Dakika ya tisa kuna giza, na ndani ya giza
kitu kinakwaruza, kinatulia, kinakwaruza tena.
Watu huuliza: ni maji yale, au ni mtu?
Gwamaka hunitazama mimi.
Mimi huitazama soksi.

Tumbo la soksi lina tope la Katumba
na sijaifua.