Nusu ya Bundi

Miaka thelathini na moja nimebeba ngazi.
Kila Aprili, theluji ingali magotini,
nimepanda misonobari ya Kuhmo,
masanduku mia na arobaini,
nikaingiza mkono kwenye giza la mbao,
nikahesabu mayai kwa ncha za vidole,
nikashuka na kovu.

Sasa magoti yamegoma. Kituo kimenipa kiti,
kompyuta, na kijana aitwaye Aatu,
umri wake sawa na wa ngazi yangu ya pili.
"Raili," asema, "tuanze na panya."

Panya tunamwita P. Bundi tunamwita B.
Panya huzaa: andika. Bundi hula: andika.
Bundi hufa; andika na hilo.
Mistari minne, mifupi kuliko orodha yangu ya dukani.
Nikabonyeza, na skrini ikachora milima,
panya wakipanda, bundi nyuma yao
wakichelewa, wakichelewa, kisha wote bondeni.
Nikashika mdomo.
Milima ile naijua. Nimeipanda mara nane
kwa miguu yangu.

Halafu nikachezea. Nani asingechezea?
Nikaongeza njaa ya bundi, nikairefusha hatua ya muda,
na mwaka wa sita walikuwa
bundi hasi mia tatu na kumi na mbili.
Nikakaa nikiwatazama.
Bundi hasi hukaa kwenye sanduku gani?
Hutaga nini, deni?
Usiku ule nilipotoka kuchukua kuni
nilitega sikio, nikiogopa kusikia
kimya kikiitana na kimya.

"Hatua zako ndefu mno," Aatu akasema. "Zifupishe."
Hilo nalijua. Ndivyo tunavyovuka ziwa mwezi wa Mei.

Nikafupisha. Bundi wakarudi juu ya sifuri,
ila panya sasa wakashuka, wakashuka,
hata ikabaki sehemu ya elfu ya panya mmoja:
hana mkia, hana meno,
labda unywele tu wa sharubu.
Na unywele ule, majira yalipogeuka,
ukazaa. Ukajaza msitu.

Hapo nikaweka kikombe chini.
Mimi niliuona mwaka walipokwisha.
Masanduku mia na arobaini, mkono ukitoka mtupu.
Katika la mwisho jike alikuwa ameatamia
kishimo alichokichimba kwa kifua chake, bila yai.
Akanitazama. Hakuinua hata kucha.
Hakuwa nusu ya bundi yule. Alikuwa mzima,
na njaa yake nzima.

Nikamwambia Aatu: chini ya mmoja, kuwe hakuna.
Akanionyesha jinsi sharti linavyoandikwa.
Ikiwa P ni pungufu ya moja, P iwe sifuri.
Niliandika kwa kidole kimoja, polepole,
kama mtu anayesaini cheti cha kifo.
Milima miwili. Kisha uwanda.
Mstari umelala chini ya skrini hadi ukingoni.

"Umewaua wote," akasema, bila kulaumu.
Lakini msitu haukufa.
Kiangazi cha pili walikuwapo tena, chini ya kila gogo.
Walitoka wapi?
Mashine ikavuma. Aatu akatafuna kamba ya kofia yake.

"Ng'ambo ya ziwa," nikasema.
Nyayo, ndogo kama mshono wa sindano,
juu ya theluji iliyofunika barafu,
zikija upande huu.
Niliziona miaka mingi. Sikuziandika:
fomu haikuwa na safu yake.

Akavuta kiti karibu. "Ngapi kwa mwaka?"
"Sijui."
"Basi weka herufi."

Nikaweka W, wageni,
na mbele yake alama ya sawa,
na mbele ya alama ile hakuna kitu;
kijiti chekundu kinapepesa, kinasubiri.

Ziwa limeganda juzi.
Nimepaka buti mafuta, nimechonga penseli.
Ziwani hakuna ngazi.