Rula ya Baba

Camborne, mvua ya Novemba. Chini ya ardhi, maji.
Juu, boriti ya mtambo inainama na kuinuka
kama mtu anayeitikia asichokisikia,
na ncha yake, kwa kuwa imefungwa kiunoni,
haijui njia nyingine ila tao.

Lakini pistoni inataka kushuka wima.
Baina ya tao na wima
baba yangu, Digory Nancarrow, ameishi miaka thelathini,
akishindilia katani na shahamu
pale fito inapolalia upande na mvuke kutoroka.
Waliomtangulia walimwachia pau tatu:
huchora nane nyembamba, na kiunoni mwa nane hiyo
pana kipande kinachokaribia kunyooka.
“Kinakaribia,” husema baba, “nasi twala kwa hicho.”

Mimi sikushiba.

Duara halina deni kwa mtu:
piga msumari, funga uzi, zunguka.
Mstari je? Unauchora kwa rula,
na rula ilinyooshwa kwa rula,
na ile ya kwanza, nani aliinyoosha?

Nikakata kopo la biskuti, vipande saba.
Vinne sawasawa, vikashikana almasi.
Viwili virefu, toka msumari mmoja
hadi pembe mbili zinazotazamana.
Cha saba kifupi, kazi yake kuishurutisha pembe ya ndani
izunguke duara linalopita kwenye msumari ule ule.
Usiku wa nne vidole vilivuja damu. Mama akauliza
biskuti zenyewe alizila nani.

Nikasukuma.
Kila kiungo kikaenda kombo,
hiki kikijikunja, kile kikijitanua,
na penseli, kwenye pembe ya nje, ikaenda
moja kwa moja.

Nikaiteremsha rula ya baba ukutani,
ile yenye D.N. iliyochomwa kwa chuma cha moto,
nikaiweka kando ya mstari.
Katikati, weupe wa karatasi. Upana wa unywele.

Nikalaumu matundu. Nikalaumu pini, na bati, na macho yangu.
Kisha nikaipindua, ukingo ule ule,
upande wa pili wa mstari.
Weupe ukachungulia tena, pale pale.

Ghorofani baba alikuwa akikohoa.
Niliifuta vumbi, nikaitundika msumarini kwake.
Alfajiri angeihitaji,
kuna fito mpya ya kupima.