Nukta Sita

Miaka thelathini na minne nilikuwa mwenye nyumba:
milango minne mlimani, Duluth,
na boila chini iliyokohoa pamoja na mume wangu Eino
majira yale yale ya baridi.
Boila ikapona.

Funguo nilizijua kwa kugusa.
Nilijua bomba lipi huganda Januari,
nani hulipa tarehe mosi, nani hulipa kwa hadithi.
Mzee Sorvari wa juu alinilipa mwezi mmoja kwa samaki wa moshi,
akadai chenji.

Kisha magoti yakanipa notisi.

Nikauza. Pesa zikapita mbele yangu
kama jirani tuliyenuniana: kuziona ruhusa, kuzigusa hapana.
"Ukizigusa tu," alisema Bwana Haldorsen, tai yake ina picha za bata,
"kodi ya serikali inaamka."
Akazifungia kwa mtu wa kati,
akanihesabia siku arobaini na tano nitaje nitakachonunua.
Kuku huangua kwa ishirini na moja.
Mimi nilipewa mizunguko miwili ya kuku, na siku tatu za kuhaha.

Siku ya arobaini na tatu nikatia saini.
Kurasa mia moja na tisini,
na karibu kila ukurasa ukinionya, kwa adabu,
kwamba naweza kupoteza kila kitu.

Sasa ninamiliki sifuri nukta sita ya asilimia
ya nyumba mia tatu na kumi na mbili pembezoni mwa Tulsa.
Nilipiga hesabu nyuma ya bahasha ya bili ya umeme:
nyumba moja nzima
na nyingine isiyotimia: sebule ipo, jiko lipo,
mlango, sina hakika.

Amana inamiliki. Meneja anaamua. Mimi napokea.
Tarehe kumi na tano pesa huingia benki
bila kubisha hodi, bila theluji viatuni.

Kodi. Neno ni lile lile:
niliyoipokea mlangoni, ninayodaiwa na serikali.
Ile ya kwanza siku hizi haina uso.
Ya pili haikufutwa, imelazwa tu;
kila mali nitakayohamia nitaibeba mgongoni, inakoroma.
Nikifa nayo, alisema Haldorsen, watoto watarithi mali,
deni litazikwa nami.
Alitamka "ukifa" kama anayetaja tarehe ya kikao.
Binti yangu Kirsti akatazama dirishani.

Aprili nikaendesha gari siku mbili kwenda kuiona.

Lango lina namba za siri. Sikupewa.
Nikasimama nje ya mali yangu na sandwichi mkononi
hadi mwanamke mmoja akaja na watoto wawili na dumu la sabuni,
akanishikia lango kwa kiwiko.
"Unaishi hapa?"
Jibu lilikuwa refu. Nikasema, "Hapana."

Anaitwa Marisela. Alinikaribisha maji.
Koki yake ya jikoni inavuja,
tone,
tone,
sufuria chini imejaa, yeye huitumia kumwagilia mnanaa.
"Nimewaandikia mara tatu," akasema.
"Hata mwenye nyumba hatumjui ni nani."

Ni wosha ya mpira tu. Senti sabini.
Vidole vilishajikunja vyenyewe kuzunguka spana isiyokuwepo.
Lakini ukurasa wa themanini na mbili uko wazi:
mnufaika hana amri, haamui rangi ya ukuta,
haamui koki.

Nikanywa maji, nikashukuru, nikatoka.

Kwenye buti la gari lipo sanduku la vifaa la Eino,
halijashushwa tangu niuze.
Nililitazama kwa muda wa kula sandwichi nzima.

Kisha nikarudi langoni, sanduku mkononi,
bado sina namba,
nikasubiri mtu mwingine
mwenye kiwiko.