Belo la Theluji

Belo likifumuliwa Karume saa kumi na moja alfajiri
harufu hutangulia: dawa ya nondo, ngama ya meli,
na chini kabisa kitu kisicho na jina huku kwetu,
kama bati lililolala nje usiku wa mvua.
Mimi hukiita baridi. Sina neno jingine.

Nilipoanza, na mtaji wa vikoba na ujinga wa kutosha,
jaketi za kutelezea theluji zilikuja mojamoja,
zimejibana katikati ya sweta.
Kila moja na mtu wake bado ndani:
risiti ya supu, glavu ya mkono wa kushoto,
tiketi ya kupandia mlima inaning'inia kwenye zipu
kwa uzi uliokataa kukatika.

Halafu likaja belo la kijani.
Kijani tupu, sare moja,
kila bega na namba: sabini na nane, mia na tatu,
mia mbili kumi na moja.
Nikazitandaza kwenye turubai, nikaziita
kama mwalimu na daftari la mahudhurio.
Wapita njia wakadhani nimeanza kuchanganyikiwa.

Nikampigia Mkwanda, wakala wa forodha,
aliyejifunza Kijapani kwa ajili ya kadi za magari.
Akasoma migongo, kidole kikisuasua:
"Hizi zilikuwa za kukodisha. Penyewe pamefungwa.
Zamani foleni ya viti vya kupanda kwa waya
ilikuwa ndefu kuliko ya Feri pantoni likiharibika.
Wakaanza kupungua vijana, wakapungua watoto,
theluji nayo ikachelewa kama mshahara.
Akabaki mpishi anahesabu vijiko."
Sijui kama alisoma au alitunga.
Mkwanda hulipwa kwa neno.

Mimi ni mfanyabiashara, sikukaa matanga.
Sabini na nane alichukua Ngatunga wa bodaboda,
upepo wa Salenda usimkate kifua usiku.
Dazeni nzima walibeba wapakizi wa samaki,
wale wanaotoka kwenye jua la Desemba
na kwa mlango mmoja tu kuingia majira yasiyo yetu.
Wakitoka wana mvuke mdomoni,
wanaupuliza, wanajifanya wanavuta sigara.
Basi ukiuliza wageni wa mlima ule wamekwenda wapi,
mia na tatu nilimwona jana Kigogo,
anagombana na konda kuhusu chenji.

Miaka hii miwili belo la namna ile silipati.
Mkwanda anasema mambo yamegeuka:
milima mingine imefurika watu wa mbali,
wanashuka na ndege, wanalipa bila kuuliza,
bakuli la tambi limepanda bei
hadi mwenyeji anakula kwake
na mlima anautazama dirishani.
Hapo hakuwa na haja ya kunitafsiria.
Nimezaliwa Kunduchi. Mchanga niliochezea utotoni
siku hizi una geti, na mlinzi
huniuliza nimekuja kwa nani.

Mia mbili kumi na moja sikuiuza.
Ni ya mtoto, mikono imeishia viwikoni mwa Tausi wangu,
lakini Julai, kipupwe kikimgusa kidogo,
huivaa kufulia vyombo, jasho linamtoka, havui.
Mfukoni mwake tulikuta tiketi.
Mkwanda aliigeuza juani, akasoma bure siku hiyo:
Jumapili, saa nane mchana,
mtu wa arobaini na moja tangu asubuhi.

Akatikisa kichwa kwa huruma, mlima mzima ule.
Mimi nikatazama meza yangu, jua limeshapinda,
nikahesabu walionunua: tisa,
na mmoja wao alirudisha.
Arobaini na moja!
Ningefunga mapema, ningenunua kuku.