Mnara na Bati la Halua

Duka langu liko Konde,
si kubwa, lina upande
mmoja wauza tende,
wa pili ni wa mashini.

Nachapa hati za shamba
na barua za kuomba,
mirathi yenye kuyumba
na mitihani skulini.

Miaka kumi na moja
nina mnara mmoja,
hukohoa kama mja
aumwaye kifuani.

Niliununua mwaka
karafuu zilotoka,
majamvi yakafunika
barabara hadi pwani.

Faki ajuaye kazi
akiufungua wazi
hukuta utando, nyuzi,
na mijusi mayaini.

Kumbukumbu ikazima;
akang'oa jino zima
la mwenziwe alokoma
kazi, Wete ofisini.

Likaingia kwa wetu,
gharama elfu tatu,
chai na boflo kavu tu,
tukarudi shughulini.

Feni nayo, mara mbili
katoa, kaibadili.
Sasa mnara, kwa kweli,
ndio ule wa zamani?

Mbaruku Shoka kafika
na kitu amekishika,
kama bati la kuweka
halua ya harusini.

"Kompyuta nzima, Mize!
Haikohoi. Sikize!
Nyuma ya skrini ilaze,
isahau mgongoni.

"Na umeme? Huramba tu.
Mnara wako ni chatu,
humeza tokeni tatu;
hiki moja tu, mwezini."

"Bei?" "Laki sita, dada."
Nikahisabu faida:
kila mwezi, kawaida,
elfu kumi kapuni.

Hiyo miaka mitano
ndipo nianze mavuno,
na Mbaruku, kwa maneno,
atakuwa nchi gani?

Ila meza yangu ndogo,
mnara ndio kigogo,
hugonga magoti, zogo
kwa wateja mlangoni.

Mara umeme ukenda,
mnara ukavurunda,
kurasa tisa zikenda
nazo papo kuzimuni.

Kile, kwa betri ya taa
ya sola, kikatulia,
kikafanya kazi saa
tatu, bila ya tafrani.

Nusu ya bei kashika.
Mnara nikauweka
chini, kigoda cha paka
na tende za kikapuni.

Wiki ile ya kiama,
walimu wamesimama,
kisanduku kikazima:
chaja yaungua ndani.

Faki akakigeuza,
akakinusa, kawaza:
"Wamelehemu, wakaza
kila kitu mfupani.

"Chaja yake, kwa ufupi,
sijui itoke wapi.
Darajani, duka lipi
linayo? Mimi sidhani."

Nampigia Mbaruku,
simu imezimwa; huku
deni lake, kila siku,
lanitazama dukani.

Nikamwamsha yule paka,
tende nikazitundika,
mnara ukaamka
na kikohozi shingoni.

Ukachapa kucha kucha,
tokeni nikaziacha
ziliwe; na kukikucha,
mitihani bahashani.

Nilitaka nimalize
shairi, na niukweze
mnara, niutukuze
kama mshindi mezani.

Lakini Faki kaaga,
mkoba wake kabwaga,
ati kazi za kumwaga
ziko kule Maskatini.

Mnara bila mganga
ni sanduku la mchanga;
kile kidogo ni kunga
isosomeka kwa ndani.

Jana namkuta Raya,
mwanangu, bila ya haya,
mnara wote wagwaya,
mbavu wazi sakafuni.

Kila skrubu kaipanga
kwa ukubwa, kama shanga,
uso wote ni wa unga
wa vumbi la barazani.

"Mama, mjusi kahama,"
kasema, hakusimama.
"Na kile kidogo, mama,
tutakifungua lini?"