Ubaguzi Sifuri

Lushinge aliniazima ditekta,
akashika rehani mashine yangu ya kuchonga funguo.
"Siku tatu," alisema. "Ya nne utanikuta Makoroboi
nawachongea watu funguo mbovu kwa jina lako."

Akanifundisha kwenye benchi la muuza chai
kwa sarafu, msumari na pete yake mwenyewe.

Usikivu usiupandishe mpaka mwisho.
Mashine inayosikia kila kitu hupayuka kama mlevi,
husikia waya wa umeme ng'ambo ya barabara,
husikia simu yako mfukoni ikitafuta mtandao.
Shusha mpaka inyamaze, kisha ongeza nukta moja.
Hapo ndipo.

Udongo uupime kwanza. Inua sahani, shusha, inua, shusha,
kama anayepepeta mchele kwa uvivu,
mpaka izoee mchanga mweusi wa Kayenze
na iache kuuita mali.

Na hapa ni ubaguzi.
Akacheka. Neno limekaa vibaya, lakini kazi yake ndiyo hiyo:
unaiambia isisikie chuma.
Ukipandisha, isisikie karatasi ya kung'aa ya sigara.
Ukipandisha tena, kizibo cha soda.
"Ila kipuli chembamba cha dhahabu na karatasi ya sigara,
kwa mashine, ni sauti moja.
Ukikataa taka sana, umetupa na mahari."

Siku ya kwanza nilikataa taka.
Siku ya pili nilizikataa zaidi.

Shangazi Milembe yuko Buswelu kwa bintiye,
na akiulizwa kopo liko wapi hujibu lilelile:
"Chini ya mlango."
Mlango upi? Mwaka ule ziwa lilipopanda
lilikula choo, likala jiko, likaingia sebuleni bila hodi.
Tulibeba mabati. Mlango tuliuacha, ulikuwa umevimba.
Sasa maji yamerudi nyuma, yameacha
magamba ya konokono, gugumaji kavu,
chandarua kilichochakazwa kwa kuvulia dagaa,
na mita sitini za mchanga usio na mlango.

Siku ya tatu, saa kumi jioni, betri inakata roho.
Watoto walionifuata walikwisha kunichoka
isipokuwa Budeba, aliyeniuliza
kwa nini mashine yangu ni kiziwi.
Akatupa msumari chini ya sahani. Kimya.
Akautupa tena. Kimya.
"Inasikia," nikamwambia, "ila imeambiwa isijibu."
Nikajisikia nilivyosema.

Nikarudisha ubaguzi sifuri.

Mama yangu!
Ufuko mzima ukakoroma.
Msumari, msumari, hatua moja, msumari,
kwenye mstari ulionyooka
kana kwamba fundi bado ameshika kamba.
Nikaufuata. Ukakata kona.
Nikaufuata, nikajua niko sebuleni.
Budeba akaweka gamba la konokono kila mashine ilipolia,
na nyumba ikainuka, kimo cha konokono:
vyumba viwili, ukumbi, mahali pa mtungi.
Mimi, mchonga funguo, nikatafuta mlango kwa masikio.

Bawaba mbili, zimelala pamoja. Kitasa.
Chini yake mlio mpana, mzito,
mlio ambao siku zote hizo nilikuwa nimeuziba mdomo:
kopo la mafuta ya kupikia, chuma tupu,
limeoza upande mmoja.

Namba kwenye kioo haikusema dhahabu.
Haikusema si dhahabu.
Chuma kikifunika kitu, mashine husikia mfuniko.

Sikulifungua. Nimechonga funguo za watu miaka kumi na sita,
najua kisicho changu kinavyokaa mkononi.

Buswelu, Shangazi alilitikisa karibu na sikio,
akasikiliza kwa muda mrefu, uso umetulia,
kisha akaliweka chini ya kiti
na kuniangalia kama mtu aliyetumwa akasahau nusu.

"Na mlango," akasema, "umeufunga?"