Komeo la Saa Nne

Nilisema saa nne, Shaame.
Sikusema saa nne na mpira,
wala saa nne na "nakuja sasa hivi, mama."

Wete ililala. Umeme ukakatika, ukarudi,
nami nimekaa sakafuni, mgongo mlangoni,
nasikia kandambili zako zikipanda barazani
saa sita na robo.

Hukugonga. Ulikuna tu, kama paka.
Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye komeo,
mkono ule ule uliokulisha uji.
Nikaukalia.

Ukajilaza juu ya jamvi la karafuu.
Nikazihesabu pumzi zako kupitia ubao:
wewe nje, mimi ndani,
adhabu moja, watu wawili.

Alfajiri nikafungua. Karafuu zimekuchora shavu.
"Chai ipo," nikasema. Basi.
Skuli ukaenda unanukia mavuno.

Jana, saa tatu na nusu,
niko jikoni napaa changu,
nikasikia chuma kikiteleza taratibu.
Umelifunga mwenyewe.

Kisha ukasimama kizingitini, macho chini,
ukaniuliza:
"Na baba, mama,
yeye mwisho wake saa ngapi?"